Kuchuchumaa kwaweza kufichua kasoro za miguu yako

Je, msomaji, mara ya mwisho ulipochuchumaa hadi chini kabisa, visigino vikiwa vimekanyaga sakafu barabara, ilikuwa lini? Ikiwa unaishi katika nyumba ya mjini yenye choo cha kukalia, unapika ukiwa umesimama, na kushinda ofisini juu ya kiti, huenda hukumbuki. Lakini ukifika Butere, kule katika Kaunti ya Kakamega ambako reli itokayo Kisumu huishia, utaona kwamba kuchuchumaa ni sehemu ya siku nzima ya mtu. Mama huchuchumaa kando ya mafiga akichochea moto, huchuchumaa kwenye karai la nguo, na huchuchumaa tena jioni akichambua mrenda na kunde. Fundi wa baiskeli huchuchumaa kando ya gurudumu. Na choo cha shimo, kama ujuavyo, hakimpi mtu njia nyingine.

Kwa watu wengi hiyo ni kazi ya kila siku tu. Kwa mtaalamu wa fiziotherapia ni kipimo. Akikutazama ukiteremka na kupanda mara 5, aweza kujua kama nyonga zako zina nguvu, kama goti linafuata njia yake, kama kifundo cha mguu kinakunjika inavyopaswa, na kama misuli inatii amri ya ubongo kwa wakati. Kipimo hiki hakihitaji umeme, wala picha ya eksirei, wala safari ya kwenda Kakamega mjini au Kisumu. Kinahitaji sakafu tambarare na macho yanayojua mahali pa kutazama.

Hata hivyo, ni kipimo ambacho hueleweka vibaya mno. Wako wanaokidharau kwa kuwa ni cha bure, na wako wanaokifanya kuwa uaguzi, wakidai kwamba kinaweza kumwonyesha mchezaji atakayevunjika mguu msimu ujao. Makundi yote mawili yamekosea, na makala haya yataeleza kwa nini.

Goti na jirani zake

Goti ndilo hulalamika, lakini mara nyingi silo lenye makosa. Liko katikati ya mifupa 2 iliyo mirefu kuliko yote mwilini, ule wa paja na ule wa muundi, na hufanya kazi kama bawaba ya mlango: hukunja na kukunjua. Uwezo wake wa kupinda upande ni mdogo sana. Wanaoliongoza ni nyonga kutoka juu na wayo kutoka chini.

Misuli iliyo kando ya nyonga, pale unapoweka mkono ukijishika kiuno, ndiyo huzuia paja lisiangukie ndani unapousimamia mguu mmoja. Ikiwa dhaifu, au ikichelewa kukaza, paja hugeukia ndani na goti hulifuata. Upande wa chini nako, kifundo cha mguu kikiwa kigumu, muundi hushindwa kuinama mbele. Basi unyayo hulalia upande wa ndani ili kupata nafasi, na goti hufuata tena. Hapo pia ya goti, yaani kile kifupa cha mviringo kilicho mbele, huvutwa kando na kusuguana na mfupa wa paja. Ndipo mtu huanza kusema, "Goti langu huuma nikishuka ngazi," akajipaka dawa ya misuli kwenye goti mwaka mzima bila nafuu, ilhali chanzo kiko kwenye nyonga au kwenye kifundo.

Jambo hili si jipya. Tangu mwaka 1895 daktari mpasuaji wa Kijerumani, Friedrich Trendelenburg, alieleza jinsi ya kumpima mgonjwa kwa kumsimamisha kwa mguu mmoja na kutazama kiuno. Kama upande wa mguu ulioinuliwa unashuka badala ya kubaki sawa, misuli ya nyonga ya upande anaousimamia haina nguvu. Kipimo hicho kingali kinafunzwa leo, na kuchuchumaa kwa mguu mmoja ni kama mwanawe.

Jinsi ya kujipima

Vua viatu na soksi. Vaa kaptura, au kunja suruali na kupandisha leso hadi magoti yaonekane. Mwombe mtu asimame mbele yako hatua 3 hivi, kisha baadaye ahamie kando. Kama huna mtu, kioo kirefu chatosha kwa upande wa mbele.

Anza kwa miguu yote miwili. Panua nyayo kiasi cha upana wa mabega, vidole vielekee mbele au vigeuke nje kidogo tu. Nyosha mikono mbele. Teremka polepole kama mtu anayetafuta kigoda kwa matako, kisha upande. Rudia mara 5. Usikimbilie. Wengi huteremka upesi ili kuficha udhaifu hata bila kujua, kwa maana mwendo wa kasi hauhitaji kujizuia.

Anayetazama kutoka mbele aangalie magoti kwanza. Katikati ya goti yapasa kuelekea kidole cha pili cha mguu njia yote, kushuka na kupanda. Je, magoti yanakaribiana? Je, moja linakimbilia ndani na lingine limetulia? Halafu aangalie nyayo: je, ule upinde wa ndani unaporomoka na kulala chini? Mwisho aangalie kiuno, kama kinahamia upande mmoja kana kwamba kinauogopa mguu wa pili. Mtu aliyeumia mguu zamani hufanya hivyo miaka mingi baada ya maumivu kwisha, na yeye mwenyewe huapa kwamba yuko sawa.

Akihamia kando, aangalie visigino. Vikiinuka mapema, kabla paja halijafika usawa wa sakafu, kuna jambo kwenye kifundo. Aangalie pia kama kifua kinaanguka mbele mno.

Hapa pana hila moja ambayo wataalamu huitumia na ambayo waweza kuijaribu nyumbani. Chukua vitabu 2 vya unene ulio sawa, kama sentimita 4 hivi, uviweke chini ya visigino, kisha uchuchumae tena. Ikiwa magoti ambayo yalikuwa yakiangukia ndani sasa yamenyooka, na kifua kimeinuka, basi huenda ugumu wa kifundo cha mguu ndio tatizo kubwa. Lakini ikiwa vitabu havikubadilisha lolote, shaka huhamia kwenye nyonga. Nakiri napenda hila hii kuliko vipimo vingi vya bei ghali, kwa sababu hujibu swali moja na hulijibu papo hapo.

Kifundo chenyewe pia chaweza kupimwa kwa ukuta. Piga goti moja chini mbele ya ukuta, wayo wa mguu wa mbele ukanyage sakafu, kisha sukuma goti la mguu huo hadi liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Sogeza wayo nyuma kidogo kidogo hadi mahali pa mwisho ambapo goti bado linagusa. Pima kutoka ncha ya kidole gumba hadi ukutani. Watu wengi wazima hufikia sentimita 10 au karibu na hapo. Lililo muhimu zaidi ni kulinganisha: mguu mmoja ukiwa nyuma ya mwenzake kwa sentimita kadhaa, hasa ule uliowahi kuteguka, umekwisha kupata dalili ya kufuatilia.

Mguu mmoja

Kuchuchumaa kwa miguu miwili huruhusu mguu wenye nguvu kuuficha ulio dhaifu. Ndiyo maana wataalamu huendelea na mguu mmoja mmoja. Kunja mikono kifuani, inua mguu mmoja nyuma, kisha kunja goti la mguu uliosimamia kiasi tu cha kutosha, si lazima ufike chini. Nyuzi 60 zinatosha, yaani kama mtu aliyeanza kukaa kisha akabadili nia. Fanya mara 5, kila moja ichukue sekunde 2 hivi, kisha badilisha. Kaa karibu na ukuta au meza usije ukaanguka.

Mwaka 2011 watafiti wa Australia wakiongozwa na Kay Crossley walichapisha matokeo ya kipimo cha namna hii. Wataalamu wa fiziotherapia waliwatazama watu wasio na maumivu wakichuchumaa kwa mguu mmoja na kuwagawa katika makundi: wanaofanya vizuri, wa wastani, na wabovu. Misuli ya nyonga ilipopimwa kwa vyombo, wale waliofanya vizuri walikuwa na misuli ya kando ya nyonga yenye nguvu zaidi, na iliyoamka mapema zaidi kuliko ya wale waliofanya vibaya. Kwa maneno mengine, jicho lililozoezwa liliona kilichokuwa kimejificha ndani ya nyama.

Neno "lililozoezwa" ni muhimu hapo. Watazamaji 2 wasio na mafunzo waweza kumtazama mtu mmoja na kutoa majibu 2 tofauti. Siku hizi simu ya mkononi husaidia: piga picha ya video, uitazame polepole, kisha uiweke ili ulinganishe baada ya wiki 6. Goti likitetemeka kidogo mara moja kati ya 5, usiwe na hofu. Hata wanariadha hutetemeka. Linalohesabika ni goti kuangukia ndani kila mara, kiuno kuporomoka kila mara, au maumivu kuja mahali palepale kila mara.

Wasichana wa mpira

Butere si mji wa kupikia na kulima tu. Ni mji wa kandanda ya wasichana. Shule ya Wasichana ya Butere imejijengea jina katika mashindano ya shule za upili nchini, na ukipita vijijini utaona watoto wa kike wakikimbiza mpira kwenye viwanja ambavyo mvua hufanya matope na jua hufanya mawe.

Ndani ya goti mna kano ya mbele, uzi mfupi mnene unaozuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele. Kano hiyo ikikatika, mchezaji husikia mlio kama wa kijiti kuvunjika, goti hufura katika muda wa saa chache, na baadaye hulegea kila anapogeuka ghafla. Mara nyingi hakuna aliyemgusa. Alikuwa akitua kutoka hewani, au akipiga breki ili abadilishe njia, na goti likaangukia ndani. Katika michezo ileile, wasichana hupata jeraha hili mara 2 hadi 3 zaidi ya wavulana, pengine hata zaidi. Kuirekebisha ni kazi ya mpasuaji wa mifupa, ikifuatwa na mazoezi ya miezi 9 au zaidi kabla ya kurudi uwanjani. Binti wa kidato cha tatu anayeumia hivi aweza kumaliza shule bila kucheza tena, na familia yake ikauza ng'ombe.

Basi si ajabu kwamba makocha walitamani kipimo cha kuwajua mapema walio hatarini. Mwaka 2005 mtafiti Timothy Hewett na wenzake huko Marekani walichapisha habari za wasichana 205 waliopimwa namna wanavyotua wakiruka. Baadaye 9 kati yao walikatika kano, na hao walikuwa wametua magoti yao yakiangukia ndani kuliko wenzao. Dunia ya michezo ilishangilia. Lakini mwaka 2016 watafiti wa Norway walitoa matokeo ya wachezaji wanawake zaidi ya 700 wa kandanda na mpira wa mikono, na mara hii goti kuangukia ndani wakati wa kutua hakukuwatenga walioumia na wasioumia. Mwaka huohuo Roald Bahr, daktari wa michezo wa nchi hiyohiyo, aliandika waziwazi kwamba vipimo vya namna hii haviwezi kumtabiri atakayeumia.

Sababu ni rahisi kueleweka ukiifikiria. Wasichana wengi wenye magoti yanayoangukia ndani hawaumii kamwe, na wengine walionyooka kama mwanzi huumia. Ukichora mstari na kusema, "Walio chini ya hapa wasicheze," utawanyima mchezo wengi bila sababu na kuwaachia uwanja wengine ambao wataumia.

Kwa hiyo kocha asimtoe binti kikosini kwa ajili ya kipimo cha kuchuchumaa. Akitumie kwa jambo lingine: kumwonyesha mchezaji mahali pa kufanyia kazi, na kuona kama kazi hiyo imeleta tofauti. Na mazoezi ya kinga yapewe kikosi kizima, aliyefanya vizuri na aliyefanya vibaya. Hapo ushahidi ni mzuri. Mwaka 2008 matokeo ya jaribio la Norway lililohusisha wasichana 1,892 wa umri wa miaka 13 hadi 17 yalichapishwa. Timu zilizopewa mpango wa mazoezi wa FIFA uitwao 11+ zilipata majeraha mabaya karibu nusu tu ya yale yaliyozipata timu nyingine. Mpango wenyewe huchukua dakika 20 hivi kabla ya mazoezi ya kawaida: kukimbia taratibu, kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yakiwa yamenyooka. Hauhitaji kifaa ila mpira. Shule isiyo na pesa ya kununua jezi mpya ina uwezo wa kuufanya.

Watoto wasioweza kuchuchumaa

Kuna hali ambapo kuchuchumaa huwa si kipimo cha nguvu bali kengele ya ugonjwa, na mzazi yeyote apaswa kuifahamu.

Huko Kumi, mashariki mwa Uganda, wapasuaji wa mifupa wamewatibu watoto wengi ambao hawawezi kuchuchumaa wakiwa wameweka magoti pamoja. Kila wanapojaribu, magoti hutawanyika kama ya chura. Wengine hawawezi kukaa vizuri kwenye dawati wala kutumia choo cha shimo bila taabu. Chanzo chake ni kovu gumu ndani ya misuli ya matako, linalohusishwa na sindano nyingi zilizodungwa hapo mtoto alipokuwa mdogo, hasa za kwinini kwa ajili ya malaria. Misuli iliyogeuka kovu hairefuki, basi nyonga hukataa kukunjika ila paja likienda nje. Mazoezi peke yake hayatoshi kwa hali iliyokomaa. Mpasuaji hulikata kovu hilo, na kisha mtoto hufanyiwa mazoezi.

Magharibi mwa Kenya nako ni nchi ya malaria, na wapo watu wazima leo ambao utotoni walidungwa matakoni kila homa ilipopanda. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani limependekeza dawa ya atesuneti badala ya kwinini kwa watoto wa Afrika wenye malaria kali, jambo ambalo limepunguza sindano za kwinini. Lakini kama mtoto wako huchuchumaa kama chura ilhali wenzake wanafunga magoti bila shida, usimkemee kwamba anafanya mzaha. Mpeleke akaonwe na daktari wa mifupa.

Ugonjwa wa selimundu nao ni wa kawaida katika ukanda huu wa Ziwa na magharibi. Chembe za damu zilizopinda kama mundu huziba mishipa midogo, na mahali pamoja panapoumia ni kichwa cha mfupa wa paja, kile kinachoingia ndani ya nyonga. Kikikosa damu hufa na kuporomoka. Kijana mwenye selimundu aliyekuwa akichuchumaa vizuri na sasa anashindwa, au anachechemea na kushika kinena, asingoje. Na mtoto yeyote wa kati ya miaka 10 na 15 anayelalamika goti, daktari akaliona goti halina kitu, nyonga yake ipigwe eksirei. Maumivu ya nyonga hupenda kujitokeza kwenye goti, na wengi wamechelewa kutibiwa kwa sababu hiyo.

Kwa upande mwingine, usihangaike bure na mtoto mdogo. Mtoto anapoanza kutembea huwa na matege. Afikapo miaka 3 au 4 magoti huanza kugongana. Na kufikia miaka 7 hivi miguu ya wengi hunyooka yenyewe. Linalohitaji daktari ni matege yanayozidi baada ya miaka 2, au mguu mmoja kupinda kuliko mwenzake.

Wazee wetu

Mtu wa miaka 65 hahitaji kuchuchumaa kwa mguu mmoja ili kujua hali yake. Yeye hupimwa kwa kiti. Mbinu hii ilielezwa mwaka 1999 na watafiti wa Marekani, na ni rahisi: chukua kiti kisicho na mikono, kiegemeze ukutani kisiteleze, mzee akae katikati, akunje mikono kifuani, kisha asimame wima na kukaa tena mara nyingi awezavyo katika sekunde 30. Hesabu mara alizosimama kikamilifu. Mtu akimwambia nyanya, "Nyanya, usijishike kwenye magoti," ndipo wengi hugundua kwamba bila mikono hawainuki.

Kwa vipimo vinavyotumiwa Marekani, mwanamke wa miaka 65 hadi 69 anayesimama chini ya mara 11, au mwanamume wa umri huo chini ya mara 12, huhesabiwa kuwa na nguvu pungufu ya miguu na hatari ya kuanguka. Kwa miaka 75 hadi 79 ni chini ya mara 10 kwa wanawake na 11 kwa wanaume. Tarakimu hizo zilitoka kwa watu wa huko, wasiobeba maji wala kupalilia, kwa hiyo zichukue kama alama ya njiani. Bora zaidi ni kulinganisha mzee na yeye mwenyewe: alisimama mara ngapi Pasaka, na mara ngapi ulipokwenda nyumbani Desemba?

Je, kuchuchumaa kunaharibu goti?

Swali hili huulizwa sana, na asili yake yaweza kufuatwa. Mwaka 1961 Karl Klein wa Chuo Kikuu cha Texas alidai kwamba kuchuchumaa hadi chini hulegeza kano za goti, na tangu hapo walimu wengi wa michezo wakakataza. Utafiti uliofuata haukuunga mkono dai hilo kwa watu wenye magoti mazima.

Lakini kuchuchumaa mara 20 kwa mazoezi ni jambo moja, na kukaa umechuchumaa kutwa ni jambo lingine. Uchunguzi uliofanywa Beijing na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba wazee ambao ujanani walichuchumaa zaidi ya saa 3 kwa siku walikuwa na ugonjwa wa kulika magoti kuliko waliochuchumaa chini ya nusu saa. Mama wa Butere anayefua na kuchambua mboga akiwa amechuchumaa kwa saa nyingi atafanya vema kuwa na kigoda kifupi karibu, na kuinuka kila baada ya muda. Simwambii aache kuchuchumaa. Namwambia abadilishe mkao. Na wewe wa mjini ambaye huchuchumai kabisa una shida iliyo kinyume: uwezo usiotumika hupotea, na kifundo chako kimekwisha kuzoea kisigino cha kiatu.

La kufanya

Ukiona kasoro na huna maumivu makali, anza taratibu. Kwa nyonga, lala ubavu na uinue mguu wa juu ukiwa umenyooka, kisigino kikiwa nyuma kidogo. Lala chali, kunja magoti, na kuinua matako. Kwa udhibiti wa goti, simama juu ya kidato cha ngazi kilicho chini, uteremshe kisigino kimoja hadi kiguse sakafu kisha upande, ukilitazama goti kwenye kioo lisikimbilie ndani. Kwa kifundo, sukuma goti ukutani kama ulivyopima. Mara 3 kwa juma, mizunguko 2 au 3 ya mara 10 kila upande, inatosha. Tarajia tofauti baada ya wiki 6 hadi 8, wala si kesho.

Usijipime kamwe kama goti limefura, limekwama lisinyooke, au linakuachia ghafla ukitembea. Kama umeumia siku hizi na hukanyagi. Kama una maumivu ya usiku au homa pamoja na kiungo kuvimba. Au kama umewekewa nyonga ya bandia. Mjamzito aliyezoea kuchuchumaa aweza kuendelea, ila ashike kitu. Wenye dalili hizo nyingine waende kwanza kwa daktari.

Ukifika kliniki ya fiziotherapia, vaa kaptura chini ya suruali au sketi yako ili usione haya ukiambiwa uonyeshe magoti. Beba pia viatu unavyovaa kazini kila siku, hata kama vimechakaa. Mtaalamu atavigeuza atazame soli imelika upande gani kabla hajakuambia uteremke.